Mamba Muntu na mama wa nyumbani

Wale waliokua katika miji ya Katanga wanaijua picha ninayotaka kuieleza hapa. Mwanamke ameketi kando ya maji. Toka kichwani mpaka kiunoni ni mtu. Toka kiunoni kwenda chini ni samaki. Ngozi yake ni nyeupe, nywele zake ndefu zimelala mabegani, na mkononi amevaa saa. Mara nyingine ana nyoka, mara nyingine kitana na kioo. Nyuma yake ni mto au ziwa, na majani mengi. Jina lake ni Mamba Muntu. Kinshasa na Afrika ya Magharibi wanamwita Mami Wata.

Picha hiyo ilitundikwa katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi katika miaka ya 1960 na 1970. Haikutundikwa chumbani mwa kulala. Iliwekwa pale wanapopokelewa wageni, saloni kama tunavyosema, juu ya viti, ili kila anayeingia aione. Basi si jambo dogo. Kitu ambacho watu wanakiweka mbele ya wageni wao kinasema wanalolitamani, au wanaloliogopa, na pengine yote mawili pamoja. Nataka tuitazame picha hii kwa utulivu, tuiulize maswali mawili. Kwa nini huyu mwenye mali ni mwanamke? Na kwa nini ni mweupe?

*Picha na wachoraji wake*

Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya wachoraji mjini Elisabethville. Humo walitoka Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga, watu wenye kipaji kikubwa. Lakini samaki na ndege wa Pilipili walinunuliwa hasa na Wazungu, wakasafiri mpaka Ulaya. Mfanyakazi wa mgodi hakuwa nao ukutani kwake.

Picha za wananchi wenyewe zilienea baada ya uhuru. Waliozichora walikuwa vijana wa mjini. Walitandaza kitambaa cha magunia ya unga juu ya mbao, wakapaka rangi, wakazitembeza picha nyumba kwa nyumba, kwa bei ambayo mtu wa mshahara mdogo aliiweza. Mmoja wao ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwalimu Johannes Fabian, aliyefundisha wakati ule katika chuo kikuu cha Lubumbashi, historia nzima ya nchi yetu katika picha 101. Picha hizo ziko leo katika jumba la makumbusho huko Amsterdam. Mwenyewe hakuonekana tena tangu mwanzo wa miaka ya 1980.

Fabian na Ilona Szombati-Fabian walipowauliza watu picha hizi ni za nini, walipewa neno moja la Kiswahili chetu: ukumbusho. Picha ya kijiji cha wazee ni ukumbusho. Picha ya Waarabu wakifunga watumwa minyororo ni ukumbusho. Picha ya Lumumba ni ukumbusho. Na Mamba Muntu aliwekwa pamoja nao. Tuna haki basi ya kuuliza: yeye ni ukumbusho wa nini?

*Hadithi yenyewe*

Watu wanaisimulia hivi. Mtu maskini anapita mtoni, anamwona mwanamke huyo akichana nywele. Mwanamke anashtuka, anajitupa majini, anaacha nyuma kitana chake au unywele mmoja. Mtu yule anauokota. Usiku mwanamke anamjia katika ndoto kudai kitu chake, na hapo wanapatana. Mtu atapata fedha, gari, nyumba na heshima. Kwa upande wake atatunza siri, wala hatakuwa na mwanamke mwingine. Wengine wanaongeza kwamba atatoa mtoto wake au ndugu yake. Akivunja agano, mali yote inayeyuka, na yeye anarukwa na akili au anakufa.

Wakristu wengi tunasema upesi: haya ni mambo ya kishenzi, yachomwe moto, yamekwisha. Hukumu ya namna hiyo ni ya haraka mno. Mchoraji hakuwa mjinga. Alikuwa na macho, akaona mambo ya siku zake. Union Minière ilitoa mali nyingi katika ardhi ya Katanga, lakini mchimbaji hakujua bei ya shaba inapangwa wapi, wala faida inakwenda wapi. Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967, ikaja kuitwa Gécamines, na mchimbaji bado hakujua. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zipewe wananchi, na watu wachache wakaamka matajiri bila kutoka jasho. Halafu bei ya shaba ikaanguka mwaka 1974 na 1975, na maduka mengi yaliyogawiwa yakabaki matupu.

Mali inayokuja usiku, inayotaka watu wanyamaze, inayokula ndugu, inayoyeyuka kukicha: je, hiyo ilikuwa ndoto tu? Hata kidogo. Hapo picha inasema kweli. Mfanyakazi aliyeinunua na kuitundika alikuwa akisema jambo ambalo hakuthubutu kulisema wazi barabarani. Ninaihesabu picha hii katika kazi zenye akili zilizotoka mikononi mwa watu wetu, na sitaki mtu afikiri naidharau.

*Mwanamume yuko wapi?*

Kosa la picha, basi, silioni katika hadithi ya agano. Ninaliona katika uso uliochaguliwa.

Tuiweke kando ya picha nyingine iliyotundikwa katika nyumba zilezile, ile inayoitwa Colonie belge. Ni uwanja wa gereza. Mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anampiga kiboko, na bwana mkubwa Mzungu anasimama akitazama. Katika nyingi za picha hizo, pembeni utaona mwanamke mweusi mmoja au wawili. Wameleta chakula cha mfungwa, wanalia, wanangoja. Hapa mchoraji hakutia fumbo. Mwenye nguvu ni mwanamume, mwenye kiboko ni mwanamume. Mwanamke ndiye aliyepika na kutembea njia ndefu mpaka gerezani.

Mchoraji alipotaka kuonyesha mateso, aliwaweka watu mahali pao pa kweli. Lakini alipotaka kuonyesha mali na uovu wa mali, alimwondoa mwanamume akamweka mwanamke. Katika picha nyingi za Mamba Muntu mwanamume hayumo kabisa. Yule aliyeokota kitana, aliyepatana usiku, aliyemtoa mtoto wake, hatumwoni uso. Amebaki nje ya picha, yuko salama, tena ndiye anayeitazama akiwa amekaa kitini kwake.

Tuulize mambo ya nchi yenyewe. Tangu miaka ya 1920 Union Minière iliwahimiza wafanyakazi kukaa kambini pamoja na wake zao, ili wadumu kazini miaka mingi. Mshahara uliandikwa kwa jina la baba. Mama alifundishwa kushona, kufua, kupika na kulea watoto. Na waliomfundisha walikuwa mara nyingi masista wetu. Hata baada ya uhuru, Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke kupata ruhusa ya mume wake kabla ya kujifunga kwa mapatano mbele ya sheria. Jambo hilo liliondolewa mwaka 2016 tu. Kwa maneno mengine, ufunguo wa sanduku ulikuwa mfukoni mwa mwanamume, naye akamchora mwanamke kuwa mlinzi wa sanduku.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1988 juu ya heshima ya mwanamke, alimtazama yule mwanamke wa Injili aliyekamatwa katika uzinzi. Alituonyesha kwamba mwanamke yule aliachwa peke yake mbele ya watu pamoja na dhambi yake, huku nyuma ya dhambi hiyo amejificha mwanamume ambaye hakuna anayemwita. Nikitazama Mamba Muntu ninakumbuka mafundisho hayo. Mwanamke ameachwa ufukweni peke yake na dhambi ya mali. Mwanamume amejificha.

*Weupe ule umetoka wapi?*

Sasa swali la pili. Mizimu ya maji tulikuwa nayo kabla ya Wazungu kufika, na wazee wetu hawakuipa saa ya mkononi. Weupe ni kitu kilichoongezwa.

Waliochunguza jambo hili wameonyesha njia mojawapo ya safari ya sura hiyo. Katika miaka ya 1880 kiwanda kimoja cha kupiga chapa huko Hamburg, Ujerumani, kilitoa tangazo la rangi lenye sura ya mwanamke mchezeshaji wa nyoka, mwenye nywele nyingi. Alikuwa mtu wa maonyesho. Wakati ule mfanyabiashara Carl Hagenbeck wa Hamburg alikuwa akiwachukua watu wa Afrika, Asia na visiwa vya mbali, akiwaonyesha kwa Wazungu waliolipa kiingilio, karibu kama alivyoonyesha wanyama wake. Mwanamke wa tangazo ni wa ulimwengu huo. Picha yake ilifika Afrika ya Magharibi na meli za biashara, watu wakaona ndani yake mzimu wa maji mwenye utajiri wa ng'ambo. Mwaka 1955 ilipigwa chapa tena Bombay, nakala 12,000, kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kumasi. Ikachanganyika na nguva wa hadithi za mabaharia wa Ulaya, ikasafiri kutoka mji hata mji, na kwetu Katanga sura hizo zikakutana na Mamba Muntu.

Tulifikirie jambo hili polepole. Huyu tunayemwita mwanamke mweupe mwenye mali zote, mmoja wa mama zake wa kwanza ni mwanamke aliyetazamwa kwa kiingilio. Mali ilipatikana kweli, lakini walioipata ni wenye uwanja na wenye kiwanda cha chapa. Yeye alitoa uso wake tu. Halafu uso huo ukaja kwetu, ukazidi kuwa mweupe njiani, ukatufundisha kwamba mali ina rangi, na rangi hiyo siyo yetu.

Mafundisho hayo hayakubaki ukutani. Yaliingia katika ngozi za binti zetu. Mafuta ya kujifanya mweupe yanauzwa sokoni mchana kweupe, mengi yakiwa na hidrokinoni, mengine na zebaki. Ngozi inakuwa nyepesi, inawashwa na jua, inaota madoa meusi yasiyotoka tena. Na zebaki inaharibu mafigo. Tunawacheka wasichana hao na kuwaita wajinga. Lakini nani aliyewaonyesha tangu utoto kwamba mwanamke anayetazamwa na wageni ni yule mweupe mwenye nywele za kulala? Kijana anayetafuta mchumba mwenye rangi ya maji ya kunde, na kumpita binti mweusi aliyesoma naye darasa moja, ni mwanafunzi wa picha ileile.

*Kuta zetu sisi*

Hapa Wakatoliki tusinyoshee wengine kidole. Katika nyumba nyingi, ukuta wa pili ulikuwa na picha nyingine: Bikira Maria, naye mweupe, naye mwenye nywele ndefu, macho ya bluu, karatasi iliyotoka Ulaya. Sisemi kwamba picha hiyo ilikuwa mbaya. Watu wameomba mbele yake, na maombi yao yamesikiwa. Maria mwenyewe alikuwa binti wa Kiyahudi wa Nazareti, mwenye sura ya watu wa kwao. Lakini mtoto mdogo aliyeketi kati ya kuta hizo mbili alijifunza nini? Ukuta mmoja, mali ni mwanamke mweupe. Ukuta wa pili, utakatifu ni mwanamke mweupe. Na mama aliyemletea bukari, mwenye mikono yenye majivu, hakuwa na ukuta.

Eklezia imeanza kurekebisha jambo hili. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misale ya majimbo ya Zaire, tukaomba pamoja na wazee wetu na kucheza mbele ya altare bila haya. Kabla ya hapo, tarehe 15 Agosti 1985, Yohane Paulo II alimtangaza Kinshasa Sista Anuarite Nengapeta kuwa Mwenye Heri. Alizaliwa Wamba, alikuwa mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu la Bafwabaka, akauawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kuwa alimkatalia kolonel aliyetaka kumchukua kwa nguvu. Huyu ni mwanamke mweusi, mwenye jina, mwenye kijiji, aliyesema hapana mbele ya mwanamume mwenye silaha. Picha yake imetundikwa makanisani. Inafaa itundikwe pia katika saloni. Lakini tuangalie tusije tukawapa binti zetu njia mbili tu, ya shahidi na ya Mamba Muntu. Wengi wao hawatakuwa mashahidi wala nguva. Watakuwa wauguzi, walimu, wachuuzi na mama wa watoto, na hao pia wanahitaji kuona sura yao.

*Fundisho lililokuwa karibu*

Ajabu ni kwamba fundisho jingine lilikuwapo, tena katika kambi zilezile na kwa Kiswahili kilekile. Karibu na Kolwezi, tangu miaka ya 1950, Padri Placide Tempels, Mfransiskani, alikaa na wafanyakazi wa Union Minière na wake zao, likazaliwa kundi la Jamaa. Maneno yao yalikuwa uzima, uzazi na mapendo. Mtu hakuingia peke yake. Baba na mama waliingia pamoja, wakafunuliana mioyo yao, na mama alifundisha kama baba alivyofundisha. Baadaye maaskofu walikuwa na mashaka juu ya vikundi vingine vilivyotoka humo, na sitaingia katika ugomvi huo. Ninaonyesha tu tofauti. Mamba Muntu anasema: utapata mali ukinyamaza, ukimwacha mke, ukimtoa mtoto. Jamaa ilisema: utapata uzima ukimfungulia mke wako moyo na kuzaa pamoja naye. Wafanyakazi wale waliyasikia yote mawili. Huwezi kusema kwamba watu wetu hawakuwa na wazo jingine juu ya mwanamke.

*Beseni la mama*

Miaka ikapita. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na mwaka 1994 kampuni haikufikisha hata tani 40,000. Mishahara ikakawia miezi na miezi. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi ameandika kitabu juu ya jamaa za wafanyakazi hao, jinsi mamlaka ya baba yalivyotikisika pale kampuni, iliyokuwa kama baba wa wote, ilipowaacha watoto wake.

Nani alilisha nyumba wakati huo? Hakuna nguva aliyetoka majini. Mama alichukua beseni kichwani, akauza unga, makala, mandazi, mboga na samaki wakavu. Ada ya shule ilitoka katika beseni hilo. Dawa ya malaria ilitoka humo. Mwanamke mwenye mali alikuwamo nyumbani siku zote, akiwa mweusi, akiwa na miguu miwili, na hakudai mtoto wa mtu.

Na tumemlipa nini? Leo picha za Mamba Muntu zimepungua ukutani, lakini mwenyewe amehamia vinywani. Katika vikundi vingine vya maombi, mwanamke asiyezaa anaambiwa ana mume wa majini. Msichana asiyeolewa anaambiwa ni nguva. Mama anayefanikiwa katika biashara, akanunua kiwanja kwa jina lake, majirani wananong'ona kwamba ana nyoka ndani ya nyumba. Mwanamume akifanikiwa vilevile tunasema ana akili. Wanawake wamefukuzwa nyumbani, wamefungishwa chakula siku nyingi, wameharibiwa jina, kwa sababu ya picha iliyopigwa chapa kwa biashara ya watu wengine.

Papa Yohane XXIII alifundisha tangu mwaka 1963, katika Pacem in terris, kwamba wanawake wa siku hizi wanaitambua heshima yao, hawakubali kuhesabiwa kama vyombo, na wanadai haki zao nyumbani na katika nchi. Wengine wakisikia maneno ya haki za wanawake wanasema ni mambo ya Ulaya. Sophie Kanza hakuwa wa Ulaya. Alimaliza chuo kikuu cha Lovanium mwaka 1964, wa kwanza kati ya wanawake wa Kongo, akawa waziri mwaka 1966. Mwaka 2024 Judith Suminwa aliteuliwa kuwa waziri mkuu, wa kwanza kati ya wanawake. Na mama wa beseni hakusoma vitabu vya Ulaya ili ajue kwamba jasho lake lina thamani.

Kwa hiyo sisemi picha zichomwe. Zihifadhiwe, kwa kuwa ni ukumbusho, na ukumbusho ukichomwa makosa yanarudi. Lakini wachoraji wetu, ambao bado wana rangi na vitambaa, wana kazi mbele yao. Wamchore mama wa mwaka 1994 anayeondoka alfajiri na beseni lake, saa moja kabla ya watoto kuamka. Wamchore kwa ukubwa, katikati ya kitambaa, na uso wake uonekane. Na mwanamume aliyeokota kitana, naye aingie ndani ya picha tumwone.